Siku Tulipounganisha Mikanda

Mjini kwetu Gisenyi bado wako watu wanaoniita bingwa wa dunia. Muuza mkaa wa karibu na nyumbani, huku Nengo, hunisalimu hivyo kila asubuhi, na waendesha pikipiki wakiniona nimesimama kando ya barabara hugombea kunibeba. Siwasahihishi. Nikianza kueleza kwamba sina tena mkanda wowote, itanibidi nieleze ulikwenda wapi, na hapo itanibidi nimtaje mwenzangu. Kwa hiyo naitikia salamu, napanda pikipiki, naenda zangu.

Nilizaliwa katika nyumba ya fundi cherehani. Babu zangu walikuja na biashara ya nguo kutoka upande wa Ujiji, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili na barabarani Kinyarwanda. Baba alishona suti za harusi na kanzu za Idi, na alitaka nikae mbele ya cherehani kama dada zangu. Nilikaa, lakini mikono yangu haikutulia. Nilipigana shuleni, nikapigana madrasa, nikapigana kisimani. Mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori ndiye aliyenipeleka Goma, ng'ambo ya mpaka, kwenye klabu ya ngumi. Alifanya kwa dhihaka tu. Alidhani nikipigwa siku moja nitarudi kwenye cherehani nikiwa nimenyooka.

Nilipigwa kweli. Aliyenipiga alikuwa msichana, mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, mwenye mkono wa kushoto uliotoka na kurudi kama ulimi wa kinyonga. Sikuiona hata ngumi moja ikija. Nilipokaa chini nikilia kwa hasira, alikuja na kikopo cha maji, akaniosha damu puani, akasema, "Kesho urudi. Ukirudi nitakuonyesha namna ya kuiona ikikuya."

Nikarudi. Nikaanza kumwita yaya, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao, na kwa miaka yote iliyofuata sikuwahi kumwita kitu kingine.

Klabu yenyewe ilikuwa ua nyuma ya gereji. Chini palikuwa na mawe meusi ya volkano yaliyomwagiwa mchanga ili tusichunike tukianguka. Kocha wetu alikuwa mwanajeshi wa zamani, mtu wa maneno machache, aliyemwita kila mmoja "mutoto", hata wanaume wenye ndevu. Wasichana tulikuwa wawili tu, basi tulipigana sisi kwa sisi. Nilivuka mpaka kwa miguu pamoja na akina mama waliobeba vitunguu na nyanya kichwani, glovu zangu zikiwa katika mfuko wa plastiki, na jioni nilirudi na uso unaohitaji maelezo nyumbani. Mama hakupenda. Ngumi hazikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni kaptula. Baba aliumaliza ubishi kwa kunishonea kaptula ya satini iliyopita magoti, pana kama sketi.

Mtu unayepigana naye kila siku kwa miaka unamjua kuliko mumewe atakavyomjua. Nilijua kwamba yaya akitaka kutupa mkono wa kushoto huvuta kwanza pumzi puani. Nilijua kwamba akichoka, mkono wake wa kulia hushuka kutoka shavuni hadi kifuani, na kocha alimgombeza kwa kosa hilo mpaka akachoka kumgombeza. Yeye naye alijua langu, kwamba nikikasirika naingia mbele na kusahau kujikinga. Tulipokwenda kupigana na watu wa miji mingine, kila mmoja alikaa karibu na kona ya mwenzake na kumkumbusha kwa sauti. "Mkono, yaya!" Au yeye: "Pole pole, we!" Hivyo ndivyo tulivyoshinda tulichoshinda.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo wengi mtaani hawalijui. Dunia ya ngumi za kulipwa haina bingwa mmoja. Kuna mashirika kadhaa, kila moja lina mkanda wake, majaji wake na wapinzani wake, na kila moja linasema dunia nzima ni yake. Kwa wanawake wa uzito mdogo kama wetu mabondia ni wachache, kwa hiyo mkanda ukibaki wazi si ajabu ukaitwa kuugombea. Promota mmoja wa Kigali, mtu mchangamfu aliyevaa suti hata katika jua la mchana, alinipeleka Nairobi nikaupata mkanda wa shirika moja. Haukupita muda mrefu akampeleka yaya Lubumbashi, naye akaupata wa shirika jingine. Tukawa mabingwa wawili wa dunia, wa uzito mmoja, tunaofua bandeji za mikono katika beseni moja.

Mwanzoni tulicheka. Nikivuka asubuhi aliniuliza dunia ya huko imeamkaje, nami nikamjibu kwamba inaisalimu dunia ya huku. Lakini watu wetu hawakucheka. Gisenyi walisema bingwa wa kweli ni mimi, Goma wakasema ni yeye, na vinyozi wa pande zote mbili walibishana huku wateja wakisubiri na vichwa vilivyonyolewa nusu. Promota aliusikia ubishi ule, akaupenda. Siku moja alikuja mazoezini na neno jipya: kuunganisha. Alilitamka kwa upole, kama mtu aliyeleta posa. Mashirika yote mawili yamekubali, alisema. Pambano litafanyika Gisenyi kando ya ziwa, mshindi atabeba mikanda yote miwili, hakuna atakayebisha tena, na milango ya Ulaya itafunguka. Akaongeza kwamba atakayeumia atatibiwa na yeye mpaka apone. Hilo la mwisho alilisema mbele yetu sote, mkono kifuani.

Kocha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mi siingie kona ya mutu. Hawa bote ni batoto yangu." Akachukua ufagio, akaendelea kusawazisha mchanga.

Siku hiyo yaya alinisindikiza hadi mpakani. Tulitembea tukipishana na vijana wanaosukuma magunia, mpaka karibu na bariyeri, kizuizi cha mpakani, akasimama. Aliniambia kwamba tukikataa, watavua mmoja wetu mkanda na kumleta mgeni, na mgeni hatamjua mtu. Afadhali tupigane sisi tunaojuana. Mama yake alikuwa na meza ya vitenge sokoni na miguu iliyoanza kuvimba. Yaya alitaka kupata jina litakalomfungulia klabu yake mwenyewe. Mimi sikuwa na sababu nzuri kama yake. Nilikuwa nimechoka tu kuitwa bingwa wa nusu.

"Lakini usinionee huruma," akasema. "Nitajua tu. Na hiyo njo itaniuma kupita ngumi."

Nikamwambia naye asinihurumie.

"Mi? Mi nitakupiga muzuri."

Tukacheka. Tukakubaliana kwamba atakayeshinda ashinde, na kesho yake tutafua bandeji zetu kama kawaida.

Ili pambano liwe na maana ilibidi tutengane. Yeye alibaki na msaidizi wa kocha kule Goma, mimi nikajifua huku kwetu, mbio kwenye mchanga wa ufukweni na kupanda mlima wa Rubavu kabla jua halijawaka. Kutengana huko ndiko kulikotuharibu, nadhani, kabla hata kengele haijalia. Tulipokuwa pamoja hakuna aliyeweza kuleta neno katikati yetu. Sasa kila siku alikuja mtu. Huyu aliniambia yaya amesema sina pumzi. Yule akampelekea yaya kwamba mimi nimesema mkanda wake ni wa bati. Sikusema hivyo, na najua naye hakusema. Lakini hatukupigiana simu kuulizana. Promota alitushauri tusipigiane, ili watu wa magazeti wapate la kuandika, na sisi tukamtii.

Siku ya kupima uzito tulikutana katika ukumbi wa hoteli, sote wawili midomo imekauka kwa njaa. Watu wa mashirika mawili walikuwa wamekaa pande mbili za meza na walikuwa wakibishana. Walibishania aina ya glovu, walibishania kanuni za nani zitafuatwa mtu akichanika, walibishania jaji wa nani atakaa upande wa ziwa. Walibishania hata mkanda upi utangulie kulazwa mezani. Sisi tulikaa kwenye benchi moja ukutani, tukisubiri, na hakuna aliyetuuliza chochote. Yaya alinigeukia mara moja, akakunja uso kuigiza yule mzee wa shirika lake aliyekuwa akipiga meza. Nilicheka ndani kwa ndani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyonichekesha.

Pambano lilikuwa alasiri, katika bustani ya hoteli ile ile, ulingo umesimamishwa kwenye nyasi na ziwa nyuma yake. Watu wa Goma walikuwa wamevuka kwa wingi. Kocha alikuja kama alivyosema, bila taulo wala ndoo, akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya umati.

Raundi za mwanzo hatukupigana. Tulifanya mazoezi. Mikono ilijua njia zake za zamani, alitupa nikakwepa, nikatupa akazuia, na nikisema kweli nilifurahi, nilihisi nimerudi nyuma ya gereji. Umati ulianza kuzomea. Walisema tunacheza, walisema tumepanga. Mwamuzi alitusimamisha akatuonya. Promota alikuja kwenye kona yangu, kisha nikamwona akizunguka kwenda kwenye kona ya yaya, akiinama, akiongea karibu na sikio. Sijui alimwambia nini. Aliniambia mimi kwamba mashirika yanaweza kufuta pambano na kuichukua mikanda yote.

Raundi iliyofuata yaya alivuta pumzi puani, nikajua mkono wa kushoto unakuja, na nikaukwepa. Ndipo ule wa kulia uliponipata. Sikuwahi kupigwa naye hivyo. Kwa miaka yote ile alikuwa akinipunguzia, na mimi sikujua. Nilijikuta nimepiga goti, mwamuzi ananihesabia, na nyuma yake naliona ziwa limeinama upande.

Nilipoinuka nilikuwa nimekasirika, lakini safari hii sikusahau kujikinga. Nilingoja. Nilimwacha anifuate, anipige mikononi, achoke. Na katika raundi ya saba ule mkono wake wa kulia ukaanza kushuka. Nilikuwa nimeuona ukishuka maelfu ya mara. Zamani ningepiga kelele, "Mkono, yaya!" Safari hii nilipeleka ngumi ya kushoto ya kuzunguka pale ulipoacha wazi, juu ya jicho. Nikapeleka tena. Kila uliposhuka nilikuwapo.

Siombi radhi kwa ngumi zile. Mtu akiingia ulingoni anajua kilichomo, na yaya alikuwa wa kwanza kunifundisha hivyo. Uchungu wangu hauko hapo.

Walinipa ushindi kwa pointi. Yaya alikuja kunikumbatia na jicho la kulia limefumba, limevimba kama embe. Mzee wa shirika lake alikuwa ameubeba ule mkanda wake kutoka mezani, akapita mbele yake bila kumtazama, akaniwekea begani juu ya ule wangu. Vyuma viligongana. Wakatupiga picha. Nilimtafuta kocha kwa macho, nikaona kiti cha plastiki kitupu. Nilisikia baadaye kwamba aliondoka kabla matokeo hayajasomwa, akavuka mpaka peke yake.

Kesho yake hakuna aliyefua bandeji. Nyumbani mama alipika pilau na majirani walijaa hadi uani. Viongozi walikuja kupiga picha na mikanda, wakivaa mmoja baada ya mwingine. Yaya aliniandikia kwa simu kwamba kichwa kinamuuma na amelala. Nilimjibu nitakuja. Nilikwenda baada ya siku kadhaa, wageni walipopungua, nikamkuta amekaa mlangoni kwao, uvimbe umeshuka. Aliniambia anaona vitu vyeusi vidogo vinaelea mbele ya lile jicho, kama mbu, na akivifukuza haviondoki.

Wakati huo huo mashirika yakaanza kunipigia hodi. Lile la kwanza lilidai nimkabili mpinzani wake wa lazima, mwanamke wa nchi ya mbali, haraka, la sivyo nitavuliwa. La pili lilikuwa na mpinzani wake wa lazima, nalo lilidai aanze yeye. Niliomba wapangane, mmoja atangulie, mwingine afuate. Hakuna aliyekubali kusubiri. Nilimuuliza promota kwa nini watu hawa waliridhia kuunganisha kitu ambacho hawakuwa tayari kukiacha kikae pamoja. Akaniambia ndivyo mchezo ulivyo, nichague mkanda mmoja, huo mwingine uende. Alisema kwa sauti ile ile ya posa. Halafu akawa hapokei simu.

Wa kwanza kuondoka ulikuwa ule wa yaya. Nilisoma kwenye simu nikiwa sokoni, tangazo fupi lenye picha yangu, kwamba mkanda uko wazi. Dereva wa promota alikuja nyumbani kuuchukua, akautia kwenye begi la michezo, akamwomba mama maji ya kunywa, akaondoka. Hina ya sherehe ilikuwa bado haijafifia kuchani mwangu. Yaya alikuwa ameushinda ule mkanda Lubumbashi mbele ya watu waliomtukana, mimi nikamwondolea kwa jicho lake, na sasa haukuwa wake, haukuwa wangu, haukuwa wa mtu.

Nilivuka kwenda kumwambia mwenyewe kabla hajausikia mtaani. Aliniambia mbu wamekwisha, sasa kuna pazia. Linashuka kutoka pembeni, kila siku kidogo.

Siku ile ile nilimvusha kwa daktari wa huku kwetu. Daktari alimwangalia kwa muda mrefu, akaniita kando, akasema ngozi ya nyuma ya jicho imeachia, anahitaji upasuaji Kigali na asicheleweshe. Promota aliyeweka mkono kifuani hakupatikana; namba yake ilikuwa imezimwa, na ofisi yake ikasema yuko safarini. Tuliacha kumtafuta. Baba aliuza cherehani yake ya umeme, mama yake yaya akatoa alichokuwa nacho, wavulana wa klabu wakachanga, hata vinyozi wakachanga. Daktari akatupangia siku. Yaya alisema atarudi kwao alale kwa mama yake, afunge mzigo, na asubuhi ya safari nimngoje bariyerini.

Risasi zilianza kabla ya siku hiyo kufika. Tulikuwa tumezoea kuzisikia mbali, vilimani, na kuendelea na shughuli. Safari hii zilikuwa mjini Goma kwenyewe, na mizinga, na madirisha yetu yalitikisika. Tulilala sakafuni na wadogo zangu katikati. Mpaka ukafungwa. Nilikwenda bariyerini asubuhi tuliyoahidiana kama vile mpaka ungeweza kunifungukia mimi, na askari akanirudisha. Simu yake haikuita. Nilijua yuko kule ng'ambo, umbali ambao tulikuwa tukiutembea tukila karanga, na pazia linashuka.

Kila mtu aliyefanikiwa kupita nilimuuliza. Akina mama walikuja na magodoro na watoto mgongoni, na mimi nikawa nawauliza habari za jicho la mtu mmoja. Wengine walinitazama kama mwenda wazimu. Walikuwa na wafu wao. Nilijua hivyo, na niliendelea kuuliza.

Mpaka ulipofunguliwa alivuka siku ya kwanza, amemshika mama yake mkono, na sikuhitaji kuuliza kitu. Alikuwa akigeuza kichwa chote ili anione. Tulikwenda Kigali. Daktari wa huko alikuwa mwungwana, alieleza taratibu na kwa Kiswahili chepesi, kwamba wangefanya kitu kama angefika mapema. Yaya alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichotaka kukinunua. Katika basi la kurudi alikaa dirishani, upande ambao jicho zima lilitazama nje na lililokufa likaelekea kwangu. Sikujua kama alichagua.

Mkanda wangu mwenyewe nao ukaenda, kimya kimya, kwa sababu sikuwa nimepigana ndani ya muda wao. Huo sikuulilia. Niliurudisha kwa mkono wangu.

Nikaanza kumtembelea kila wiki. Nilipeleka sukari, nilipeleka sabuni, nilikaa naye kwenye meza ya vitenge sokoni nikikunja vitambaa, na nilifanya hivyo kwa miezi mingi. Yeye hawezi tena kupewa leseni ya kupigana popote, na klabu aliyotaka kuifungua ilikufa pamoja na jina lake. Kocha alikuwa amehama na familia yake wakati wa vita, na ua ule nyuma ya gereji sasa unahifadhi magari mabovu.

Jumapili moja nilimkuta amekaa na simu mkononi. Alikuwa amepata pambano kwenye mtandao: wanawake wawili, wazungu wote wawili, wanagombea ule mkanda ulioachwa wazi. Aliniambia nikae, tuangalie. Tulikaa kitandani bega kwa bega, simu ameishika upande wa jicho lake zuri, mimi nikichungulia. Walipigana vizuri. Mmoja wao alikuwa na kosa kama lake, mkono uliokuwa ukishuka, na nilisikia yaya akinong'ona, "Pandisha. Pandisha mukono." Yule mwanamke hakupandisha, lakini mwenzake hakuliona kosa, na yule wa mkono uliokuwa ukishuka akashinda kwa pointi. Wakamfunga mkanda kiunoni. Kamera ikaukaribia, na nikaiona alama ya mkwaruzo pembeni mwa bamba, pale uliposuguana na wangu siku ile kando ya ziwa.

"Ni ule," akasema.

"Ni ule," nikasema.

Alizima simu, akaiweka chini ya mto. Kisha akaniuliza kwa nini naendelea kuja. Nikamwambia kwamba yeye ni dada yangu. Akasema hapana, zamani nilikuja kwa sababu hiyo, sasa nakuja kwa sababu nyingine, na yeye anaiona hata kwa jicho moja.

"Unakuya hapa sawa mutu anakuya kulipa amande," akasema. "Kila juma unaleta sukari. Mi si polisi. Sikukuandikia amande yoyote."

Nilimwambia sikuwa na maana hiyo.

"Ulinipiga, nilikupiga. Ile iliisha pale pale. Hawa bengine njo balituuzisha, na beko wanakula muzuri. Lakini mi nikikuona we, naona siku ile. Kila juma. Unanichosha."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, ningejikinga na kungoja ipite. Mama yake aliingia na chai, tukainywa, tukaongea habari za bei ya vitenge. Nilipoaga, yaya alinisindikiza hadi mlangoni tu.

Sikurudi wiki iliyofuata, wala ile nyingine. Nafundisha wasichana wachache mazoezi ya viungo ufukweni, na mchana namsaidia baba dukani, kwa kuwa cherehani iliyobaki ni ya miguu na miguu yake imechoka. Wasichana huniomba niwafundishe kupigana kweli. Nawafundisha kukimbia na kuruka kamba.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, naenda kununua satini. Nilimwona akija kutoka upande wao na mzigo wa vitenge kichwani, shingo imenyooka, akihesabu hatua zake kwa uangalifu pale penye ngazi. Angepita karibu nami kiasi cha kunigusa, na mimi nilikuwa upande wake wa kulia, wa jicho lililokufa. Nilifungua mdomo kumwita yaya. Nikafikiria kwamba atalazimika kusimama na mzigo ule, kugeuza kichwa na mwili mzima, kunitafuta, na akishanipata ataiona tena siku ile.

Alipita. Harufu ya vitenge vipya ilibaki kidogo hewani. Mama aliyekuwa nyuma yangu aliniambia nisogee, foleni inakwenda, nikasogea.